Siku Mlima Uliposhuka Tanga

Bi Mwanaisha alifunga mlango kwa komeo, akambeba mjukuu wake mgongoni, akamzungushia kanga mbili ili baridi isimpate, akashika njia ya kwenda Kwemkuyu. Haikuwa safari ya heri. Tangu alfajiri alikuwa akipanga maneno moyoni kama mtu apangavyo kuni, makubwa chini, madogo juu, na kila aliyekutana naye njiani alimwitikia salamu kwa mkato, asije akayavuruga.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mariamu, mke wa mwanawe wa pekee Athumani, alikuwa anasomea ualimu katika chuo cha Kwemkuyu, kichuo kidogo kilichokaa juu ya mgongo wa mlima kati ya Lushoto na Mlola. Miaka ile serikali ilikuwa imetangaza kwamba kila mtoto wa Tanzania lazima asome, na walimu wakawa wanatafutwa kama mvua ya vuli iliyochelewa. Mwenyekiti wa kijiji cha Mlola, alikoishi Bi Mwanaisha, alikuja mwenyewe hadi nyumbani kumwomba amruhusu mkamwana wake aende. Akaruhusu. Alikubali kulea mtoto, alikubali kulima karoti peke yake, alikubali hata kuulizwa na majirani ni lini mke wa mtu aligeuka mtoto wa shule. Hilo la ualimu alilimeza, likashuka.

Lililomkwama kooni lilikuwa jipya. Mama mmoja muuza peasi alirudi kutoka soko la Lushoto na habari kwamba Mariamu ameonekana uwanjani, mbele ya wanaume, kavaa sketi, anarukia mpira kama mbuzi aliyekata kamba. Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja. Na Jumamosi hiyo, aliyokuwa ameahidi kuja kumwona mwanawe, Mariamu alituma salamu kwamba hataweza, ana mechi.

Mechi. Bi Mwanaisha alikuwa hajawahi kulitamka neno hilo maishani mwake. Alilijaribu njiani, peke yake, kisha akatema mate.

Alipofika chuoni hakumkuta mtu. Ofisi ya mkuu wa chuo ilikuwa imefungwa, jikoni sufuria zimefunikwa bila mpishi, na ng'ombe wa mradi wa kujitegemea walikuwa wakilia zizini kama waliosahauliwa. Kelele za watu zilitokea nyuma ya mabweni. Akazifuata, akatokea juu ya uwanja, na hapo akasimama.

Uwanja ulikuwa umechimbwa ubavuni mwa mlima, na juu yake matuta ya zamani ya shamba yalipanda ngazi kwa ngazi. Ngazi zote hizo zilikuwa zimejaa watu. Wanafunzi walikuwepo, lakini si wao tu. Palikuwa na wakulima na majembe yao, kina mama na vikapu vya kabichi ambavyo havikufika sokoni, wazee waliojitanda makoti mazito. Tuta la tatu alikalia mwanamume mmoja wa rika lake, kichwa kimejaa mvi, tarumbeta ya shaba imelala mapajani. Akajisogeza kumpisha.

Jina lake lilikuwa Sefania, mtu wa Vuga, kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya kanisa la Kilutheri. Siku hiyo alikuja kutoka mazishini, akapita tu kutazama, na tarumbeta ilikuwa naye kwa sababu hiyo. Ndiye aliyemweleza Bi Mwanaisha mambo yote, kwa sauti ya mtu asiyeulizwa. Alimwambia kwamba chuo hiki hakina wanafunzi hata wa kujaza kanisa, ila wasichana wake wameshinda netiboli wilaya nzima, wakashinda mkoa, wakaenda Moshi kwenye mashindano ya kanda wakawashinda na huko. Sasa wamo Daraja la Kwanza, kati ya timu nane za nchi nzima. Saba ni za viwanda na mashirika ya mjini, zenye mabasi yao na viatu vya kubadilisha. Ya nane ni hii. Mtangazaji wa redio alipoisoma orodha, jina la Kwemkuyu alilikosea mara mbili, akakohoa, akaendelea na taarifa ya hali ya hewa.

Bi Mwanaisha alisikiliza nusu. Macho yake yalikuwa yanamtafuta Mariamu, na yalipompata yalikwenda moja kwa moja kwenye sketi. Ilikuwa ya marinda, ya kijani, imefika magotini. Aliipima kwa jicho kutoka juu, akaipima tena. Muuza peasi alikuwa ameikata kidogo kwa ulimi wake.

Wageni siku hiyo walikuwa Karakana, timu kutoka Dar es Salaam, wasichana wenye miili iliyoshiba. Mariamu alikuwa mlinzi; kazi yake ilikuwa kumzuia mfungaji wa wageni, binti mrefu mwenye mikono kama michi. Mpira ulipokuja, Mariamu alinyanyuka. Bi Mwanaisha alikuwa amemwona mkamwana wake akibeba kuni, akichota maji, akijifungua mtoto. Hakuwahi kumwona akinyanyuka hivyo. Mpira uliokuwa wa yule mrefu ukawa wake.

Mara ya pili alipouchukua, yule mrefu alimpiga kikumbo, Mariamu akaanguka kifudifudi kwenye tope, na filimbi haikulia.

Bi Mwanaisha hakujua alisimama saa ngapi. Alijikuta yuko wima, mtoto mgongoni, kidole kimemwelekea mwamuzi, na maneno yote aliyoyapanga tangu alfajiri kwa ajili ya Mariamu, makubwa na madogo, yakamshukia mwamuzi kwa Kishambaa bila kubaki hata moja. Watu wa tuta la chini waligeuka kumtazama. Sefania akainua tarumbeta, akaipuliza mara moja, kama anayetia sahihi.

Kwemkuyu walishinda siku hiyo. Watu walipoanza kuteremka, Mariamu alimwona mama mkwe wake amesimama kando ya mstari, akageuka rangi. Alikimbilia bwenini, akarudi amejifunga kanga juu ya sketi, tope bado usoni, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Mwanaisha alimtazama kwa muda. "Yule mrefu aliyekusukuma, kwao wapi?"

"Dar es Salaam, mama."

"Watakuja tena?"

"Hawatakuja mwaka huu. Tutakwenda sisi kwao."

"Vyedi," akasema Bi Mwanaisha, yaani vema, kwa namna ya mtu anayeahirisha kesi. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akampa mama yake.

Mwalimu Secilia, aliyekuwa akiifundisha timu, alikuja kumwamkia naye. Alikuwa Mkatoliki wa upande wa Bungu, mwembamba, mwenye filimbi shingoni hata akiwa anakula. Alidhani mama huyu kaja kumchukua msichana wake, maana walikuwa wamekwisha kuja akina mama wawili kwa kazi hiyo, akaanza kujitetea kabla hajashtakiwa. Bi Mwanaisha alimkatiza. Alitaka kujua tu mechi nyingine ni lini, na kama mtu akitoka Mlola na wenzake watapata pa kukaa.

Basi ndivyo ilivyoanza. Mechi iliyofuata Bi Mwanaisha alikuja na majirani wanne, mmoja wao yule muuza peasi, ambaye alikaa kimya kipindi chote cha kwanza na kupoteza sauti kipindi cha pili. Iliyofuata wakaja na waume zao. Wa Mlola wakaleta madufu yao ya maulidi. Sheikh aliulizwa, akasema hajaona ubaya wa dufu kupigwa kwa furaha ya watoto wa nyumbani, ilimradi sala isipite. Kwa hiyo ikifika alasiri walitandika mikeka kando ya uwanja wakasali, na madufu yakalala kwenye majani karibu na matarumbeta ya Walutheri, kwa ulinzi wa Sefania.

Matarumbeta nayo hayakupata ruhusa kwa urahisi. Wazee wa kanisa waliketi wakabishana. Wengine walisema shaba ile ilinunuliwa kwa sadaka ili imsifu Mungu, si netiboli. Mchungaji aliwasikiliza mpaka wakachoka, kisha akaamua kwamba yapigwe, ila zipigwe tenzi tu. Hivyo kila Raheli, mfungaji wa Kwemkuyu, alipotumbukiza mpira kwenye pete, mlima mzima ulisikia wimbo wa Pasaka. Timu za mjini zilitoka huko zikilalamika kwamba zimefungwa na kanisa, msikiti na ukungu kwa pamoja.

Athumani alikuwa dereva wa lori la mboga la ushirika, mtu wa kukaa njiani kuliko nyumbani. Jumamosi moja alirudi Mlola akiwa na njaa ya safari, akakuta mlango umefungwa kwa komeo. Mama hayupo, mke hayupo, mtoto hayupo, na nyumba ya jirani nayo imefungwa. Alizunguka kijiji akamkuta babu mmoja kiziwi anaota moto, ambaye alimwelekeza kwa mkono upande wa Kwemkuyu. Alipofika uwanjani na kumwona mama yake, yule mama aliyemzuia yeye kucheza mpira utotoni asichane suruali, amesimama juu ya tuta anaongoza watu kupiga makofi, Athumani aliegemea mti akacheka hadi machozi yakamtoka. Kisha akamwona mke wake uwanjani, akaacha kucheka. Alitazama tu. Alipoulizwa na mtu wa kando yake kama anamfahamu yule mlinzi, alisema ndiyo.

Mambo yalikuwa mazuri nyumbani, ugenini mabaya. Wasichana walikuwa wakisafiri siku nzima, wanafika wamekunjika, wanafungwa, wanarudi. Msimu ulipokaribia mwisho, timu mbili za mkiani zilikuwa zishuke daraja, na Kwemkuyu ilikuwa imesimama ukingoni kabisa. Ilibaki mechi moja. Ilikuwa ya nyumbani, dhidi ya Kitani, timu ya kiwanda cha nguo, iliyokuwa inaongoza ligi na iliyohitaji ushindi huo kuchukua kombe. Kwemkuyu wakishinda, wanabaki. Wakitoka sare au kufungwa, kwaheri.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, alifika bwana mmoja kutoka makao ya mchezo, mpole, amevaa suti ya Kaunda, ameshika futi ya kupimia. Mwalimu Danieli, mkuu wa chuo, alimtembeza kwa heshima zote. Bwana alipima mistari, akapima milingoti, akaridhika. Mwishoni akauweka mpira katikati ya uwanja, akauachia. Mpira ulitulia kidogo kama unaofikiri, ukaanza kubingirika wenyewe, ukavuka mstari, ukaongeza mwendo, ukapotea bondeni kwenye kabichi za watu. Wote wawili waliusikiliza ukienda. Hakuna aliyeweza kumlaumu mgeni. Mechi ya mwisho ikahamishiwa Tanga, kwenye uwanja wa saruji, tambarare.

Habari ilipotangazwa, wasichana walilia. Mwalimu Danieli alijaribu kuwafariji, akawaambia kwamba Tanga ni mkoa wao vilevile, lakini sauti yake haikumsaidia. Kila mtu alijua timu hii ilikuwa inashinda kwa sababu mlima mzima ulikuwa umekaa juu yake. Tanga kulikuwa mbali, huko chini kwenye joto, na nani angeacha shamba lake?

Mariamu alipeleka habari hizo Mlola mwenyewe. Alimkuta mama mkwe wake anapalilia, akamweleza, akangoja kupewa pole. Bi Mwanaisha aliendelea na jembe hadi mwisho wa tuta.

"Garimoshi la kwenda Tanga," akauliza, "linapita Mombo siku gani?"

Alimuuliza hayo Athumani pia, na Athumani akamuuliza mwenyekiti wa kijiji. Lori la ushirika lilikuwa na safari ya kupeleka kabichi Tanga ile Ijumaa kwa vyovyote, na kabichi, alisema Athumani, hazijawahi kukataa kukaliwa na watu. Mwenyekiti alifikiri, akasema azimio la kijiji ni watu kusaidiana, akapanda yeye wa kwanza. Wa Vuga na wa Soni waliteremka kwa miguu hadi Mombo, matarumbeta mabegani, wakapanda garimoshi. Wa Bungu wakashukia njia yao ya Korogwe wakaliwahi hukohuko. Bi Mwanaisha alichagua garimoshi. Alikaa dirishani, mjukuu wake Amina mapajani, mashamba ya mkonge yakipita mistari kwa mistari, na nyuma yake watu wa behewa zima wakiimba tenzi na kasida kwa zamu, abiria wa Moshi wakiuliza ni harusi ya nani.

Tanga iliwapokea kwa joto ambalo watu wa mlimani hawakulizoea. Walilala madarasani, katika shule iliyowafungulia milango, wakavua makoti, wakavua masweta, na wazee wengine wakakaa macho wakijipepea kwa kofia. Kesho yake saa kumi alasiri walijaza upande mmoja wa uwanja. Upande wa pili walikaa watu wa mjini, wapagazi wa bandarini, mafundi wa gereji, kina mama wa sokoni, wengi wamekuja kwa sababu walisikia matarumbeta yanapita barabarani wakataka kujua kuna nini.

Mchezo ulianza vibaya. Wasichana wa Kwemkuyu walikuwa wamejifunza kurusha mpira kwenye mteremko, na mikono yao haikuamini kwamba ardhi inaweza kuwa sawa. Walipolenga kulia mpira ulizidi, walipolenga kushoto ulipungua. Saruji iliwaunguza nyayo kupitia raba. Kitani walikuwa na mfungaji mmoja, Paskalina, binti mtulivu asiyecheka wala kununa, ambaye kila alipopewa mpira aliutumbukiza kwenye pete kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Mariamu aliruka, akachelewa. Akaruka tena, akachelewa tena. Ilipofika mapumziko, Kitani walikuwa mbele kwa mabao sita.

Upande wa mlima ulikuwa umenyamaza. Ngozi za madufu zililegea kwa unyevu wa pwani, zikawa zinatoa sauti ya gunia. Midomo ya wapiga tarumbeta ilikauka, na Sefania alijaribu utenzi mmoja ukamkatikia katikati, akaiweka tarumbeta chini, akajifuta uso. Alimwambia Bi Mwanaisha kwamba Mungu anawasikia lakini leo shaba haitoki.

Bi Mwanaisha aliwatazama wasichana waliokuwa wamekaa chini, vichwa magotini, Mwalimu Secilia akizungumza nao bila kuonekana kama wanamsikia. Mariamu alikuwa ameinamisha kichwa kuliko wote. Alimjua. Ndivyo alivyoinama ile wiki ya kwanza alipoletwa Mlola kama bibi harusi, akatwanga mahindi yakamwagika yote nje ya kinu kwa sababu ya hofu. Siku ile Bi Mwanaisha hakumkaripia. Alichukua mchi wa pili akasimama upande wa pili wa kinu.

Akampa Athumani mtoto. Akateremka hadi mbele kabisa, kwenye mstari, akakunja kanga kiunoni, akaanza kupiga makofi. Hayakuwa makofi ya kushangilia. Yalikuwa makofi ya kinu: moja zito, moja jepesi, moja zito, moja jepesi. Juu yake akaweka wimbo ambao kila mwanamke wa Usambara, Mwislamu na Mkristo, aliujua tangu alipoweza kushika mchi:

*Mwenzangu inua, mimi nashusha,*
*mwenzangu shusha, mimi nainua,*
*tusigongane, tusingojane,*
*unga ni wetu, tutakula sote.*

Muuza peasi ndiye aliyemwitikia kwanza. Kisha wa Mlola wote, kisha wa Vuga, wa Soni, wa Bungu. Kwa kuwa hakukuwa na ngoma, waliopiga walipiga kwa mikono na kwa miguu, na ngazi za mbao walizokalia zikaanza kunguruma. Wanaume, ambao hawakuwahi kutwanga, walijikuta wanajua wimbo wote, maana walizaliwa na kulala ndani yake.

Wasichana wakainua vichwa. Raheli akaanza kutikisa bega. Yunis, mchezaji wa katikati, akamgeukia Mariamu akatabasamu, na filimbi ilipolia walirudi uwanjani wakiwa bado wanauimba kwa midomo iliyofungwa.

Kuanzia hapo hawakuutafuta mpira tena kwa macho. Waliurusha kwenye pigo zito, wakaudaka kwenye jepesi. Inua, shusha. Asiyekuwa na mpira alikuwa amekwisha kufika pale unapokwenda, kama mchi wa pili unavyojua kinu kiko wapi bila kutazama. Kitani walikuwa wepesi na wenye nguvu, lakini wakawa wanafika kila mara nusu pigo nyuma. Mabao sita yakawa manne. Manne yakawa mawili. Watu wa mjini, waliokuja kutazama kioja, walisimama. Mpagazi mmoja aliuliza hawa ni wa wapi, akaambiwa ni wa Lushoto, akasema kwa hiyo ni wetu, akaanza kupiga makofi naye, vibaya kwanza, kisha vizuri. Upande wa pili wote ukamfuata. Uwanja mzima wa Tanga ukawa unatwanga.

Dakika ya mwisho mabao yalikuwa sawasawa, na mpira ulikuwa wa Kitani. Ukapita mkono kwa mkono hadi kwa Paskalina, chini ya pete. Akaushika, akatulia kama kawaida yake, akainua mikono. Wimbo haukukatika. Mariamu alisimama mbele yake umbali unaotakiwa, mikono kando, akasubiri pigo zito lipite. Kwenye jepesi akanyanyuka.

Bi Mwanaisha aliona mpira unagusa ncha za vidole vya mkamwana wake, unabadili njia, unashuka mikononi mwa Yunis. Yunis hakuutazama, akaurusha. Ukadakwa, ukarushwa, ukadakwa, ukamfikia Raheli. Raheli akafumba macho, jambo ambalo Mwalimu Secilia alikuwa amemkataza mwaka mzima, akaurusha juu. Mpira ukatua kwenye ukingo wa pete, ukazunguka, ukasita. Watu wakaacha kupiga makofi. Ukaanguka ndani.

Filimbi ya mwisho ililia lakini wachache waliisikia. Sefania alikuwa ameikamata tarumbeta yake, na safari hii shaba ilitoka, utenzi wa Pasaka mwezi wa tisa, na wa Mlola wakaufuata kwa madufu yaliyolegea bila kujali. Athumani aliruka uzio na mtoto mkononi. Mwalimu Danieli, mtu wa suti na nidhamu, alionekana amebebwa mabegani na mafundi wa gereji asiowajua. Bi Mwanaisha mwenyewe alikuwa amekaa chini, pale pale kwenye mstari. Mariamu alikuja akapiga magoti mbele yake kwa mazoea, kisha akasahau kusimama, wakakaa hivyo wawili, wanashikana mikono, wanacheka.

Paskalina wa Kitani alikuja baadaye kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa kuwa kombe lilikuwa limewaponyoka, lakini aliinama akamwamkia Bi Mwanaisha kwa adabu, akauliza ule ulikuwa wimbo gani, maana ulimwingia kichwani akashindwa kuutoa. Bi Mwanaisha akamwambia ni wimbo wa kutwanga mahindi, akamwuliza kama kwao wanatwanga. Paskalina akasema kwao wanapeleka mashineni. Bi Mwanaisha akamsikitikia, akamwalika Mlola.

Safari ya kurudi watu wa mlimani waliisimulia miaka mingi. Kutoka Mombo kupanda hadi Soni, kila kona ya barabara ilikuwa na watu wenye matunda, maua na matawi mabichi, na lori lilisimamishwa mara nyingi hata Athumani akazoea kuzima injini. Chuoni walichinja dume la mradi wa kujitegemea. Alichinja Mwislamu ili wote wale, Walutheri wakapika, na mchungaji na sheikh wakaketi mkeka mmoja wakibishana ni nani hasa aliyeshinda, matarumbeta au madufu, mpaka mpishi akawaambia kwamba wakati wa kazi vyote viwili vilikuwa vimelala.

Kwemkuyu ilikaa Daraja la Kwanza misimu miwili zaidi. Uwanja ulisawazishwa kwa majembe ya wanafunzi na ya vijiji vya jirani, na timu za mjini zikaanza kuja na makoti. Baadaye ilishuka, kama vitu vidogo vinavyoshuka pale wakubwa wanapoongeza nguvu, na hakuna aliyeona aibu.

Lakini hayo yalikuwa bado. Jumapili ile, baada ya nyama, Bi Mwanaisha na Mariamu walitembea pamoja kurudi Mlola, Amina amelala mgongoni mwa mama yake. Jua lilikuwa bado juu kidogo, na upepo wa mlimani uliwapoza ngozi zilizounguzwa na Tanga. Mariamu akasema kuna jambo hajamwambia. Walimu wapya watapangiwa vituo popote nchini. Mkuu amewadokeza kwamba wengi wa mwaka wao watapelekwa Rukwa, mbali sana, huko Sumbawanga, na huenda yeye akawa mmojawapo. Athumani amesema atatafuta kazi ya udereva hukohuko. Yeye ameshindwa kulala kwa kumfikiria mama.

Bi Mwanaisha alipunguza mwendo. Alimrekebisha mtoto kanga iliyokuwa inateleza, akaifunga vizuri. Aliwaza shamba la karoti, aliwaza nyumba, aliwaza jirani yake muuza peasi ambaye angefurahi kulitunza shamba hilo na kulisema.

"Na huko Sumbawanga," akauliza, "netiboli ipo?"